Mjamzito mwenye jino bovu asiambiwe tena "rudi ukishajifungua"

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na Halmashauri, na kwa Waganga wa Meno wa Wilaya zote.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi mkunga, na huu ni mwaka wangu wa 22 katika kliniki ya mama na mtoto, mkoani Morogoro. Naandika kwa sababu ya mama mmoja ambaye nilimjibu vibaya, na kwa sababu nina hakika kwamba leo hii, mahali fulani nchini, kuna mwenzake anayejibiwa vilevile.

Mama huyo alikuwa na mimba ya pili, wiki ya 22. Alikaa kwenye benchi letu ameubana mtandio shavuni. Nilimpima uzito na presha, nikapima kimo cha tumbo, nikasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Nikampa vidonge vya kuongeza damu na dozi ya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, akaimeza mbele yangu kama mwongozo unavyotaka. Kila kilichopaswa kujazwa kwenye kadi nilikijaza. Alipokuwa anainuka akaniambia kwa sauti ya chini, "Nesi, jino linanitesa, leo siku ya tatu sijalala." Nikamjibu kama nilivyowasikia wakubwa zangu wakijibu, na kama nilivyokwisha kuwajibu wengi kabla yake: "Pole mama, jitahidi kuvumilia, utaling'oa ukishajifungua."

Toka wiki ya 22 mpaka ya 40 ni wiki 18. Nilimwambia avumilie wiki 18 nikiwa nimesimama, huku nikimwita anayefuata.

Hakukata tamaa. Alitafuta nauli ya bodaboda akaenda hospitali kwenye kitengo cha meno. Huko nako aliambiwa kwamba mjamzito hang'olewi jino, arudi akishajifungua. Jina la hospitali hiyo silitaji, maana mimi niliyemjibu hivyohivyo sina haki ya kuinyooshea kidole. Njiani akirudi alipita duka la dawa. Muuzaji akamuuzia vidonge vya diklofenaki na kapsuli za tetrasaikilini. Hakumuuliza kama ana mimba, na tumbo la wiki 22 ndani ya dera halijitangazi. Kapsuli moja aliifungua akamwaga unga wake ndani ya tundu la jino, kama jirani yake alivyomwelekeza. Nyingine akazimeza.

Siku ya tisa aliletwa kwetu usiku na mumewe na wifi yake. Uvimbe ulikuwa umeteremka chini ya taya mpaka shingoni, mdomo haufunguki, mate yanamchuruzika kwa sababu hawezi kuyameza, na mwili unachemka. Usaha wa jino ukifika chini ya ulimi na shingoni huweza kuziba njia ya hewa, na hapo saa chache tu zinatosha kumpoteza mtu. Tulimpa rufaa. Alipasuliwa, usaha ukatolewa, na jino likang'olewa usiku uleule. Jino lile lile tulilosema haliwezi kung'olewa kwa sababu ya mimba liling'olewa mimba ikiwa palepale, tofauti ni kwamba sasa mgonjwa alikuwa mahututi. Mungu alimnusuru, yeye na mtoto. Mtoto huyo nimemchanja mwenyewe, na kila nilipomshika mguu kutafuta pa kuchoma sindano nilikumbuka jibu nililompa mama yake.

Waheshimiwa, jibu la "rudi ukishajifungua" halina msingi wa kitabibu. Baada ya tukio lile nilikwenda kuuliza, nikasoma, nikaketi na daktari wa meno mwenye subira akanifafanulia. Sindano ya ganzi ya kawaida ya meno, yaani lidokeini, hata ikiwa na adrenalini ndani yake, ni salama kwa mjamzito. Picha ya eksirei ya jino inaweza kupigwa inapohitajika, mama akiwa amefunikwa aproni ya risasi. Kuziba jino, kusafisha fizi na kung'oa jino vinaweza kufanyika, na wakati mzuri zaidi ni miezi mitatu ya katikati, kwa kuwa kichefuchefu kimepungua na tumbo bado halijawa zito kiasi cha mama kushindwa kulala kwenye kiti. Yule mama alikuwa katika wakati huohuo mzuri tulipomrudisha nyumbani. Na pale penye usaha au maumivu makali hakuna kusubiri mwezi wowote. Kinachotakiwa ni jambo dogo ambalo sisi wakunga tunalijua vizuri kuliko wenzetu wa meno: asilazwe chali moja kwa moja, awekewe mto chini ya nyonga ya kulia ili aegemee kushoto, mji wa mimba usiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Dawa nazo zinajulikana. Parasetamo inafaa kwa maumivu, na amoksilini inaweza kutumika anapohitaji dawa ya kuua vijidudu. Kinyume chake, tetrasaikilini katika nusu ya pili ya mimba huingia kwenye meno ya mtoto yanayojengeka tumboni na kuyatia rangi isiyotoka. Diklofenaki na ndugu zake, tangu wiki ya 20, zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na mimba ikikua zaidi zinaweza kuufunga mapema mshipa wa karibu na moyo wake. Kwa hiyo huyo mama tuliyemnyima sindano ya ganzi kwa kumwogopea mtoto, tulimsukuma kwenye dawa mbili ambazo ndizo zingeweza kumdhuru mtoto.

Nimelianza na jino kwa kuwa ndilo lililoniuma mimi. Lakini wengi wanaokuja kliniki tatizo lao ni fizi, na hawalisemi. Homoni za mimba hazitoboi meno. Kazi yake ni kuzifanya fizi ziwe na hasira kwa ule utando wa vijidudu unaojikusanya kila siku kwenye shina la jino. Utando ambao zamani fizi iliuvumilia, sasa inauvimbia na kutoa damu. Huanza mapema, hata mwezi wa pili, huzidi kuelekea mwezi wa nane, kisha hupungua baada ya kujifungua. Wengine huota kijinundu chekundu katikati ya meno, kinachotoka damu kikiguswa tu na punje ya wali. Nimeshawapokea wanawake walioamini kuwa ni saratani na waliokuwa wamekwisha kuwaaga dada zao. Mara nyingi kinundu hicho hunywea chenyewe baada ya uzazi, lakini nani amewaambia?

Na mama akiona damu kwenye mswaki anafanya nini? Anaacha kupiga mswaki. Hilo nalielewa kabisa, kwa sababu mahali popote pengine mwilini tunamwambia panapotoka damu apaache. Utando unaongezeka, fizi inavimba zaidi, damu inazidi, naye anaona alikuwa na haki ya kuogopa. Ilitosha aambiwe sentensi moja siku ya kwanza ya kliniki: damu hiyo ni ya uchafu uliobaki, piga mswaki laini asubuhi na usiku kabla ya kulala, na fizi zitatulia.

Halafu kuna kutapika. Tindikali ya tumboni ikifika mdomoni hulainisha ganda la jino, na anayekimbilia mswaki papo hapo ili aondoe ladha mbaya analikwangua ganda lililolainika. Anachotakiwa ni kusukutua kwa maji, na akiwa na soda ya kuokea achanganye kijiko kidogo kwenye glasi, kisha asubiri kama nusu saa ndipo apige mswaki. Kama povu la dawa ya meno ndilo linalomchefua, aweke kidogo kama punje ya njegere na ainamishe kichwa. Mti wa mswaki pia unasafisha, ukitumiwa kwa utaratibu bila kuichokoa fizi. Wajawazito wetu hula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, ukwaju, malimau, na ule udongo wa vijiti tunaouita pemba, ambao unakwangua meno na hauna faida yoyote kwa damu. Nao hunywa soda tamu kidogokidogo kutwa nzima ili kutuliza tumbo, jino likawa linaogeshwa sukari tangu asubuhi hadi jioni. Sijawahi kuona kumgombeza mama kwa hayo kukisaidia. Kumweleza sababu kunasaidia.

Bibi zetu walisema kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo na mama mzazi. Waliona kweli meno yakitoka, ila sababu waliyoitaja siyo. Mtoto akikosa madini ya kalsiamu kwenye chakula huyachukua kwenye mifupa ya mama, hayatoi kwenye meno. Meno huondoka kwa sababu ya fizi zilizoachwa zikiuma miezi tisa, tindikali, sukari, na jibu letu la kuvumilia. Imani hiyo imedumu kwa sababu huduma zetu zimeendelea kuipa ushahidi.

Naomba niseme na jambo moja kwa uaminifu, ili asije mtu akaitupa barua hii kwa hoja hiyo. Tangu miaka ya 1990 tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa wanawake wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hujifungua kabla ya wakati zaidi ya wengine. Wengi tukadhani tukitibu fizi tutazuia kuzaliwa kwa watoto njiti. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa wanawake 823, ukaonyesha kuwa kusafisha fizi wakati wa ujauzito hakukupunguza uzazi wa kabla ya wakati. Basi siwaahidi kwamba kutazama vinywa na kutibu fizi kutawaondoa watoto njiti wodini. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa fizi zilipata nafuu na kwamba matibabu hayo hayakumdhuru mama wala mtoto. Kwangu hilo latosha. Mwanamke asiyelala kwa maumivu, asiyeweza kutafuna maharage wala mchicha tunaomhimiza ale aongeze damu, anastahili kutibiwa kwa sababu anaumwa. Tusimfanye atibiwe kwa hisani ya mtoto aliye tumboni.

Sasa ombi langu kwenu.

La kwanza halina gharama isipokuwa karatasi. Toeni waraka, usainiwe na mwenye mamlaka, ubandikwe kwenye kila kitengo cha meno na kila kliniki ya wajawazito: mjamzito mwenye maumivu ya jino, uvimbe au usaha ahudumiwe siku hiyohiyo. Watumishi wengi wanaowarudisha wanawake hawa si wakatili. Wanaogopa. Mimba ikiharibika wiki moja baada ya jino kung'olewa, hata kwa sababu nyingine kabisa, wanajua kijiji kizima kitasema ni sindano ile. Hawana karatasi ya kuwalinda, ndiyo maana wanachagua kumrudisha. Wapeni karatasi hiyo.

La pili, tuagizeni sisi wakunga kutazama kinywa katika hudhurio la kwanza. Kwa miaka yote 22 wasimamizi wamekuja na kunihoji juu ya presha, kaswende, malaria, VVU, damu, na wamefanya vema, kwani tulichokuwa tunaulizwa ndicho tulichokifanya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimewatazama wangapi kinywa. Sihitaji kuwa daktari wa meno. Nahitaji kumuuliza kama ana jino linalouma na kama fizi zinatoka damu, kumulika kwa tochi, na kuandika nilichokiona. Kwa mikono yangu ni chini ya dakika mbili. Najua mtasema kliniki zimejaa. Zimejaa kweli, siku nyingine naona wanawake 40 kabla ya adhuhuri. Lakini usiku ule mmoja wa rufaa, gari la wagonjwa, wauguzi wawili na chumba cha upasuaji vilitugharimu muda mwingi kuliko tochi ya mwaka mzima.

La tatu ni la pesa, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo wanawake wengi wanapokwama hata wakipokelewa vizuri. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inamtaja mjamzito kuwa miongoni mwa wanaostahili huduma bila malipo. Kwangu kliniki halipi. Nikimwandikia aende chumba cha meno, anasimamishwa dirishani: jino si ujauzito, lipia. Nimemwona binti wa miaka 19 akisimama pale na karatasi yangu mkononi, akahesabu sarafu, akageuka akaenda zake bila kusema neno. Nani aliyeukata mwili wa mjamzito vipande, kwamba tumbo ni la serikali na mdomo ni wake mwenyewe? Agizo la maandishi kwa waganga wafawidhi linaweza kumaliza utata huu. Na kwa kuwa Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kitita cha mafao kiyataje matibabu ya kinywa ya mjamzito kwa jina, pasibaki nafasi ya mtu wa dirishani kutafsiri.

Jambo la nne ndilo ninalolipenda zaidi, maana lilizaliwa hapahapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikuwa wakihudumia watu mahali pasipo na umeme. Walianza kukwangua uozo wa jino kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuliziba kwa saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma. Hakuna mashine ya kutoboa, na mara nyingi hakuna hata sindano ya ganzi. Njia hiyo inajulikana duniani kote kwa kifupi chake, ART, na Shirika la Afya Duniani liliitangaza katika Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994. Mwaka 2021 shirika hilohilo liliiingiza saruji hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zikakubaliana kuwa vizibio vya zebaki visitumike kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu akiona hakuna budi. Yote yanaelekeza kwenye vifaa vilevile vya mkono vilivyojaribiwa kwanza Tanzania. Mjamzito anayeogopa sindano na mlio wa mashine, katika kituo cha afya ambacho umeme wake unakatika kila siku, ndiye hasa mtu aliyetengenezewa njia hiyo. Jino lake lingezibwa likiwa na tundu dogo, lisingefika usaha. Wekeni vifaa hivyo kwenye vituo vya afya, wafundisheni matabibu wa meno tulionao, na Bohari ya Dawa iiagize saruji hiyo kama inavyoagiza sindano.

Waganga Wakuu wa Halmashauri, hili lingine ni lenu kabisa, halihitaji kungojea Dodoma. Mnapoandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wa mwaka ujao, tengeni siku moja kwa mwezi ambayo Mganga wa Meno wa Wilaya atafuata kliniki za wajawazito vituoni badala ya wao kumfuata. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu nao waitwe, wafundishwe kuuliza swali moja kabla ya kumuuzia mwanamke dawa ya jino: una mimba?

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kubeba ujumbe wa mswaki na fizi pamoja na ujumbe wa chandarua. Na kuna ujumbe mwingine ningetamani waubebe mapema, mtoto akiwa bado tumboni. Huku kwetu bado kuna watu wanaoamini kwamba mtoto mchanga akiharisha au akipata homa ana "meno ya plastiki", wengine huyaita ya nailoni, nao humpeleka kwa fundi ayachokoe kwa kisu au spoki ya baiskeli. Wanachokichokoa ni vichipukizi vya meno halisi. Nimempokea mtoto wa miezi mitano aliyetoka huko na fizi zilizochanwa, hawezi kunyonya. Mama yake alikuwa amehudhuria kliniki yangu mimba nzima, na neno "meno" halikuwahi kutamkwa kati yetu. Fundi ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza naye juu ya meno ya mwanawe.

Yule mama wa wiki 22 anaishi si mbali na kituo. Ana kovu chini ya taya. Alinipa ruhusa niwaandikie, akasema tu nisilitaje jina lake. Aliponieleza safari yake ya zile siku tisa nilimwomba radhi, akanijibu, "Nesi, hata wewe hukuwa umeambiwa."

Jumatatu ni siku ya wajawazito wapya kwetu. Nimenunua tochi, na daftari la shule nimelichora mistari mwenyewe: tarehe, wiki za mimba, jino, fizi, nilichomwambia. Ukurasa wa mwisho una safu ya rufaa, na mbele ya majina 11 nimeandika "alirudishwa". Naomba mniambie Jumatatu hii nimpeleke wapi atakayefungua mdomo nikaona usaha.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mkunga,
kliniki ya mama na mtoto, Morogoro